Droni haichimbi mtaro

Hii ni hotuba iliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wakulima, wiki chache kabla ya mvua za vuli. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika, na kwa wadi nyingine ambako kazi hii itafuata.



Nawashukuru kwa kuja. Najua leo ni siku ya kazi na wengi wenu mmeacha mashamba yakisubiri kutayarishwa, kwa hivyo sitawachosha. Nimetumwa kueleza kuhusu kile kidege ambacho idara ya kilimo inaomba kukirusha juu ya mashamba yenu juma lijalo. Lakini kabla sijaeleza, nina deni la kulipa.

Mwaka jana tulirusha droni upande ule wa pili wa kijito. Tulikuwa tumewaarifu viongozi, tukadhani habari imewafikia wananchi. Haikuwafikia. Mama mmoja alikuwa nyuma ya nyumba akimwosha mtoto, akasikia mlio kama wa kundi la nyuki. Kuinua macho, akaona kitu kimesimama hewani. Alimnyakua mtoto akakimbilia ndani na kufunga mlango. Vijana wakaanza kuokota mawe. Na mzee mmoja akatujia taratibu na fimbo yake, akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kijana, mnapima udongo wangu au mnapima shamba langu?"

Kufikisha habari ilikuwa kazi yangu. Kwa hivyo kosa lile ni langu, na leo naomba radhi mbele yenu. Mama yule yuko hapa, na ameshanisamehe, ingawa bado ananicheka.

Swali la mzee yule halikutoka hewani. Sisi watu wa Ukambani tumewahi kujiwa na serikali iliyosema imekuja kuokoa udongo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilisema vilima vya Machakos vinageuka jangwa kwa sababu mifugo ni mingi mno. Haikusema sana kuhusu ardhi nzuri iliyokuwa imechukuliwa na walowezi, jambo lililowabana watu na ng'ombe wao mahali padogo. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kukamatwa na kunadiwa kwa lazima. Watu wakakataa. Wakafunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha mnada ule wa lazima.

Naikumbusha habari hii kwa sababu mmomonyoko wenyewe ulikuwa wa kweli. Udongo ulikuwa ukienda kweli. Lakini aliyekuja kuuokoa hakuuliza, alikuja na amri, na watu walipoona ng'ombe wao wanachukuliwa hawakuweza tena kuliamini neno lake lolote kuhusu udongo. Hata mitaro iliyochimbwa kwa kulazimishwa, mingi iliachwa ikafukiwa baada ya amri kwisha. Iliyodumu ni ile ambayo vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, walichimba baadaye kwa hiari yao, wakachagua fanya juu kwa sababu waliona wenyewe kwamba inashika maji na kuongeza mavuno. Leo ukisimama kwenye mlima wowote wa huku, kazi unayoiona ikipanda kama ngazi kutoka bondeni hadi juu ni ya mikono ya wazazi wetu. Hakuna mashine iliyoifanya.

Sasa niseme droni inasaidia nini, kwa watu ambao tayari wanajua kuchimba.

Tuanze na maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ekari moja ina zaidi ya mita za mraba 4,000. Kwa hivyo mvua moja nzuri ya milimita 25 huangusha juu ya ekari yako zaidi ya lita laki moja. Hayo ni matangi kumi yale makubwa ya lita 10,000. Hakuna kati yetu aliye na matangi kumi nyumbani, lakini kila mwenye ekari hupewa maji ya matangi kumi mchana mmoja, na mengi yake yakapita tu njiani kuelekea mtoni.

Na hayapiti mikono mitupu. Udongo wa juu ukiondoka kwa unene wa milimita moja tu, ambao hata jicho halitambui, katika ekari moja ni tani tano hivi. Umepoteza karibu lori zima la samadi na mboji, wala hujamwona dereva.

Mtaro wa fanya juu wenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60 na urefu wa mita 100 unaweza kushika lita 36,000 ukiwa sawa. Naomba mlishike neno hilo, "ukiwa sawa". Mtaro ukiinama kwa nusu mita tu kutoka mwanzo hadi mwisho, maji yote hukimbilia upande ulioinama, yanajaa pale, yanavunja tuta. Na yakivunja tuta la juu, yanashuka kwa nguvu maradufu kwenye tuta la pili, na la tatu. Wengi wenu mmeyaona haya. Mtu amechimba mwezi mzima, mvua moja usiku ikamharibia kazi yote.

Hapo ndipo kidege hiki kinapoingia. Droni tunayotumia inatoshea ndani ya mkoba wa shule. Inabeba kamera inayotazama chini. Inakwenda na kurudi juu ya shamba kama ng'ombe wa plau, mstari baada ya mstari, ikipiga picha nyingi zinazopandana, kila mahali pakionekana katika picha kadhaa na kutoka pembe tofauti. Sisi tuna macho mawili, na kwa kuwa kila jicho linaona kutoka upande wake, tunaweza kujua kikombe kiko karibu au mbali. Kompyuta hufanya vivyo hivyo na picha zile. Inazilinganisha, inakokotoa wapi pameinuka na wapi pameinama, kisha inachora ramani ya mwinuko. Kutokana na ramani hiyo inaweza kuonyesha njia ambazo maji yatapita hata kabla mvua haijanyesha.

Betri moja huchukua dakika 20 hadi 30, na kwa muda huo kidege kinaweza kupita juu ya makumi ya ekari. Kila nukta ya picha ni sentimita chache tu za ardhi. Zipo pia picha za setilaiti zinazopatikana bure, kwa mfano za Sentinel-2 ya Ulaya, ambazo hupigwa kila siku tano hivi. Hizo ni nzuri kwa kutazama kaunti nzima. Lakini nukta yake moja ni mita 10 kwa mita 10, kwa hivyo mtaro wako wa sentimita 60 hauonekani kabisa. Kwa mashamba yetu ya ekari mbili au tatu, tunahitaji jicho lililo karibu zaidi.

Kwa nini juma lijalo, mbona tusingoje? Kwa sababu kamera haioni kupitia majani. Mahindi yakishamea, kompyuta itapima vichwa vya mahindi ikidhani ni ardhi. Wakati mzuri ni huu, mabua yameondolewa, nyasi zimekauka, ardhi iko wazi, na mvua za vuli ambazo huku ndizo tunazozitegemea zaidi bado hazijafika.

Sasa nirudi ng'ambo ya kijito, nisimulie kilichotokea baada ya ile aibu ya mwaka jana.

Kuna mashamba mawili yanayopakana, moja liko juu na lingine chini. Katikati kulikuwa na korongo lililoanza kama mfereji wa kuruka mtoto, sasa ng'ombe akiingia haonekani. Mwenye shamba la chini alisema jirani yake ameacha matuta yake yaharibike na anamtumia maji kwa makusudi. Mwenye shamba la juu alisema matuta yake yalikuwa mazima hadi yalipovunjwa, na hajui yalivunjwa na nini. Kesi ilifika kwa wazee mara mbili. Wake zao, waliokuwa kikundi kimoja cha mwethya, waliacha kusalimiana.

Ramani ilipotoka, ilionyesha kwamba maji mengi ya korongo lile hayakuanzia kwa jirani wa juu. Yalianzia barabarani. Ile barabara ya murram inayopita mgongoni ilipochongwa na greda, maji ya mtelemko wote yalikusanywa kwenye mtaro mmoja wa kando, yakapelekwa kwenye kalvati moja, na kalvati ile ikayamwaga yote mahali pamoja, juu ya shamba la yule bwana. Matuta yake yalichimbwa kushika mvua inayonyesha juu ya shamba lake. Hayakuchimbwa kushika maji ya barabara nzima.

Na barabara ile, ndugu zangu, ni ya kaunti.

Afisa mwenzangu wa barabara ameketi pale na alijua nitasema hivi. Picha tuliyoipiga ili kuwaonyesha wakulima makosa yao ilituonyesha kosa letu. Nadhani hiyo ndiyo faida kubwa ya chombo hiki, kwamba maji hayana cheo, na ramani ikionyesha yanakotoka, kila mmoja anaulizwa lake.

Lakini hadithi haijaisha, na sehemu iliyobaki si ya kujivunia. Ramani ile ilitengenezwa kabla ya mvua. Ikakaa kwenye kompyuta ofisini ikisubiri kuandikiwa ripoti. Mvua ya kwanza ikanyesha ramani ikiwa ofisini. Mwenye shamba la chini akapoteza mistari sita ya mahindi na mwembe uliokuwa unazaa. Tulijua maji yatapita wapi, na hatukumwambia mtu. Ni mvua ilipokatika, mwezi wa Januari, ndipo tulipopeleka karatasi kwa wazee, tukaitandaza juu ya meza ya kanisa, na majirani wale wawili wakainama juu yake kwa muda mrefu bila kusema neno.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Mtaro wa barabara uligawanywa ili umwage maji mahali patatu. Tawi moja linaelekezwa kwenye bwawa la shamba ambalo majirani wale wamelichimba pamoja, upande huu na huu wa mpaka. Korongo limezibwa kwa mawe na matawi hatua kwa hatua, na kingo zake zimepandwa nyasi. Mvua za masika zilipita, udongo umeanza kujaa nyuma ya mawe. Korongo bado lipo. Litachukua miaka kufunga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuliuacha ufa. Wanawake wale wawili wanasalimiana, na ndio walioniomba nije kuwasimulia.

Sasa niwaambie ambacho droni haiwezi kufanya, maana mtakutana na watu watakaowaahidi mengi.

Kwanza, haijui rutuba ya udongo wako. Ipo kamera maalumu inayonasa mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kuurudisha kwa wingi huo mwanga mwingine. Jani lililochoka halifanyi hivyo. Kwa hivyo picha inaweza kuonyesha kona ya shamba iliyodhoofika, wakati mwingine kabla hujaiona kwa macho. Lakini haitakwambia kwa nini. Inaweza kuwa ni kiu, upungufu wa naitrojeni, viwavijeshi, au mwamba ulio karibu na uso wa ardhi. Picha inakwambia uende ukaangalie wapi. Ukifika, lazima uchimbe, ushike udongo mkononi, ugeuze jani. Na ukitaka kujua asidi na virutubisho, sampuli ya udongo inapelekwa maabara, kama ile ya KALRO kule Kabete. Mtu akija sokoni akisema atapitisha droni na kukuambia papo hapo ununue mbolea gani, mfunge mdomo na pochi yako.

Pili, droni haiondoi kipimamaji cha kamba. Ramani inaonyesha mtaro upite wapi, uanzie wapi, na maji ya ziada yatolewe wapi salama. Lakini siku ya kupiga mambo, afisa wa nyanjani na vijana wenu watatembea na kamba na kile kibomba chenye povu, mita kwa mita, kama walivyofanya wazazi wetu. Ili hata ramani iwe sahihi, lazima tuweke alama ardhini na kuzipima. Mtaziona, ni vitambaa vyeupe vyenye msalaba mweusi. Naomba watoto wasizing'oe hadi kazi iishe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, droni haichimbi mtaro. Kazi ni ile ile ya jembe na sururu. Tofauti ni kwamba mtachimba mkijua kwamba mahali ndipo.

Nije kwenye swali la yule mzee. Mnapima udongo wangu au mnapima shamba langu?

Mzee wangu, tunapima mtelemko na maji. Picha ya droni si hati ya shamba. Inaonyesha ua ulipo leo, haionyeshi mpaka ulipo kisheria. Mwenye mzozo wa mpaka anakwenda kwa msajili wa ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, na karatasi hii asiibebe kama ushahidi. Hatuandiki majina ya wenye mashamba juu ya ramani. Hatuhesabu mifugo. Kuhifadhi udongo na maji ni miongoni mwa kazi ambazo Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti, na ndiyo kazi iliyotuleta.

Kuhusu sheria za kurusha. Tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, yaani KCAA. Droni lazima iandikishwe, anayeirusha kwa kazi kama hii lazima awe na leseni, na hairuhusiwi kupanda zaidi ya futi 400, ambazo ni kama mita 120. Mkiona mtu anarusha kitu juu ya nyumba zenu, mna haki ya kumuuliza karatasi zake. Hata sisi tuulizeni. Lakini naomba msirushe mawe, kwa sababu kikianguka kinaweza kumwangukia mtoto.

Kuhusu faragha. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatubana sisi serikali kama inavyombana mwingine yeyote. Kwa urefu tunaoruka, mtu huonekana kama doa, sura yake haitambuliki. Hata hivyo sitaki mtu ashtukizwe tena.

Kwa hivyo nina ahadi nne, na nimeziandika ili chifu abaki na nakala yenye sahihi.

Ya kwanza, siku na saa ya kuruka itatangazwa siku tatu kabla, hapa kwa chifu, makanisani, msikitini na sokoni. Tukibadilisha siku, tutatangaza upya.

Ya pili, asiyetaka shamba lake lipigwe picha aseme kwa mzee wa kijiji wake. Rubani atalikwepa, na kama ukingo wake utaingia katika picha za jirani, sehemu hiyo itafutwa kwenye ramani. Hatanyimwa huduma nyingine yoyote ya kilimo kwa sababu hiyo.

Ya tatu, ramani itachapishwa kwenye karatasi kubwa na kuletwa hapa ndani ya siku kumi na nne, kabla ya mvua. Nakala moja itakaa kwa chifu na nyingine kwa viongozi wa mwethya. Tusipoileta, Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kuidai, na mimi ndiye mtakayemdai.

Ya nne, ramani ikionyesha kwamba tatizo linatoka barabarani, kwenye kalvati au kwenye uwanja wa shule ya chekechea tuliojenga sisi, tutaliandika wazi kwenye ramani hiyo hiyo. Halitafichwa.

Nanyi tunawaomba mambo mawili. Ramani ikifika, tembeeni nayo. Droni inaona mtelemko, lakini haijui kwamba pale penye mwamba palikuwa na chemchemi wakati wa babu, au kwamba njia ile ya ng'ombe hugeuka mto usiku. Mambo hayo mnayajua nyinyi. Mwaka jana wazee walisahihisha ramani yetu mahali pawili kwa kalamu, na walikuwa sahihi kote kuwili.

Ombi la pili, mpange kuchimba kwa kufuata mtelemko wa maji, msifuate mipaka peke yake. Mtaro unaoishia kwenye ua wako na kumwaga kwa jirani haujaokoa udongo, umeuhamisha. Anzeni juu, mshuke. Ndiyo maana kazi hii ni ya mwethya, haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Vijana wameniuliza kama wanunue droni. Jibu langu ni kwamba msikimbilie kununua. Mkulima wa ekari tatu hahitaji droni yake, kama vile hahitaji greda yake. Anahitaji ramani nzuri mara moja, na pengine nyingine baada ya miaka kadhaa. Lakini ujuzi wenyewe mnaweza kuupata. Jirani zetu wa Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, walipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ndogo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Juma lijalo rubani wetu atahitaji vijana wanne wa kuweka alama na kusoma vipimo. Mwandikieni chifu majina, na nusu wawe wasichana.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza, je, gharama? Safari hii ya kupiga picha na kuchapisha ramani hakuna mkulima atakayelipa hata shilingi moja. Akitokea mtu kuwadai pesa kwa jina letu, si wetu. Majembe, mbegu za nyasi za kupanda juu ya matuta na nguvu za kuchimba, hizo nyingi zitatoka kwenu, nasi afisa wa nyanjani atakuwa pamoja nanyi. Sitawadanganya kwamba ramani inaleta chakula mezani. Aliye na ramani na hakuchimba, mvua itamkuta alivyo.

Nimalizie hapa. Sikuja kuchukua ndiyo yenu kwa makofi. Nitakaa pale chini ya mwembe na wazee, na kila kijiji kizungumze peke yake kabla ya kujibu. Kijiji kikisema bado, tutaheshimu, na tutarudi mwakani kuuliza tena. Kikisema ndiyo, basi siku kumi na nne nilizoahidi zinaanza kuhesabiwa droni ikitua.

Na wewe mzee wangu uliyeniuliza lile swali, nimekuona umeketi mbele. Nilipoanza kuzungumza ulikuwa umekunja uso, na bado umeukunja. Ni sawa. Endelea kuukunja hadi uione karatasi mkononi mwako.

Sasa ni zamu yenu.